Ukihamisha gia ya pikipiki ya zamani, anza na breki

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu anayetaka kuhamishia gia ya pikipiki yake ya zamani kwenye mguu wa kushoto, ifanane na nyingine anazoendesha. Kutaka si kosa. Kilichoninyima raha ni sentensi moja pale katikati: kwamba akishamaliza gia, breki ya nyuma "itaangaliwa baadaye", maana breki ya mbele inamtosha kwa sasa. Mimi ni mkereza vyuma mstaafu, na sehemu kubwa ya vyuma nilivyokereza maishani vilikuwa vya pikipiki za Uingereza ambazo vipuri vyake vilishaadimika. Naomba nafasi nimwambie kwamba kazi hii ameianzia mkiani.

Wenye pikipiki za siku hizi huenda hawajui tunabishania nini. Triumph, BSA, Norton, Matchless, Velocette na nyingi nyingine za Uingereza zilikuwa na gia mguu wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kushoto. Honda na BMW waliweka gia kushoto. Aliyekata mzizi wa fitina ni Marekani: kanuni yao ya usalama namba 123 iliagiza kwamba kuanzia tarehe 1 Septemba 1974, pikipiki zinazotengenezwa kwa ajili ya soko lao ziwe na gia kushoto na breki ya nyuma kulia. Viwanda vya Uingereza viliishi kwa kuuza Marekani, vikatii. Kabla ya hapo hakukuwa na upande wa haki na upande wa batili. Anayeniambia kwamba gia ya kulia ni ushamba wa wazee, huwa namuuliza kama anamjua aliyebuni gia ya mguu ambayo pedali yake hurudi yenyewe katikati kila ukishaisukuma. Ni Harold Willis wa Velocette, mwishoni mwa miaka ya 1920, na Velocette zilikuwa za gia ya kulia.

Tuje kwenye hatari yenyewe, kwa sababu ipo. Mtu aliyezoea breki ya kulia, gari likimkatia njia ghafla, hafikiri. Mguu wa kulia unashuka wenyewe. Kwenye Triumph ya gia ya kulia, ambayo namba moja iko chini na zilizobaki ziko juu, mguu huo unateremsha gia. Injini inapiga ukelele, na gurudumu la nyuma linaweza kushikwa na injini likateleza. Ni balaa, ila angalau mwendo unapungua. Kwenye Norton Commando ya kabla ya 1975 mpangilio ni kinyume, namba moja juu na nyingine chini, kwa hiyo mguu uleule unapandisha gia. Mwendeshaji anadhani anafunga breki, kumbe ameiruhusu pikipiki iende zake. Royal Enfield Bullet ya gia nne, ile ya gia ya kulia, nayo namba moja iko juu, na mambo ni hayohayo. Kwa hiyo siwacheki wanaotaka kuhamisha, hasa wale wenye pikipiki mbili nyumbani, moja ya kushoto na moja ya kulia, wanaobadilishana kila wiki. Mwili haukumbuki leo umepanda ipi.

Lakini msomaji wetu autazame tena mfano huo. Mguu wa kulia uliposhuka ulikuwa unatafuta nini? Haukutafuta gia. Gia ukiikosea unaaibika tu mbele ya watu, injini inakoroma, unarudia. Mguu ulikuwa unatafuta breki, na haukuikuta. Sasa msomaji wetu akihamishia gia kushoto na kuiacha breki "ya baadaye", siku hiyo ikifika mguu wa kulia utakanyaga hewa. Atakuwa amemwondolea adui silaha asiyoitumia.

Kuhusu breki ya mbele kumtosha, sikubali. Ni kweli kwamba Triumph ya kuanzia 1968 ilipewa breki nzuri ya mbele, dramu ya inchi 8 yenye viatu viwili vinavyosukumwa kila kimoja kwa kamu yake, yaani chuma kinachozunguka na kukitanua kiatu. Ikiwa baridi, inakamata vizuri. Lakini dramu ikipata moto hutanuka na kuviacha viatu nyuma, na bitana, ile ngozi ya msuguano iliyo juu ya viatu, nayo ikichemka hupoteza ukali. Kwenye mteremko mrefu utaubana mkono wa breki hadi ufike kwenye mpini huku pikipiki ikikutazama. Na kwenye changarawe au utelezi, anayetegemea breki ya mbele peke yake atafika chini kabla ya pikipiki. Breki ya nyuma ya pikipiki hizi ni hafifu, nakubali. Hafifu iliyopo si sawa na isiyokuwepo.

Viwanda vyenyewe vinatoa ushahidi. Norton ilipotoa Commando 850 Mk3 mwaka 1975 ikiwa na gia kushoto, gurudumu la nyuma lilikuja na diski. Triumph Trident T160 ya mwaka huohuo, vivyo hivyo. Bonneville 750 ya gia ya kushoto, ikifika 1976, nayo ina diski nyuma. Diski ilikuwa na sababu zake nyingine, sitadai kwamba ililetwa kwa ajili ya mguu tu. Ila hosi ya mafuta ya breki haijali pedali iko upande gani, unaipitisha unakotaka. Rodi ya chuma inajali sana, na hapo ndipo shida ya anayehamisha kwenye dramu inapoanzia.

Harley-Davidson walionyesha upande wa pili wa somo. Sportster za 1975 na 1976 zilipelekewa gia kushoto kwa mikono ya chuma na rodi za kuvuka kutoka kulia, kwa sababu giaboksi ilikuwa bado ya zamani. Mwaka 1977 wakabadilisha na gia ikatokea kushoto tangu ndani. Kiwanda chenye wahandisi na mashine kilivumilia rodi za nje kwa misimu miwili tu. Fundi wa mtaani anayekuahidi kuwa zitakaa sawa milele, mwombe kwanza akuonyeshe ya kwake.

Mimi mwenyewe nimehamisha. Nina Triumph 650 ya 1969 na kifundo cha mguu wa kulia kilichokakamaa baada ya kuvunjika. Kusukuma chini naweza. Kuinua vidole juu siwezi, na gia tatu kati ya nne za Triumph zinataka vidole viinuke. Rafiki zangu walinishauri niweke pedali ya kisigino na kidole, ile ndefu ya pande mbili, unakanyaga mbele kushusha na nyuma kupandisha. Ni wazo zuri kwa pikipiki nyingine. Kwenye Triumph, kiki ya kuwashia injini iko palepale kulia nyuma ya pedali ya gia, na kipande cha kisigino kingekaa kwenye njia yake. Breki, kwa upande mwingine, haitaki vidole viinuke hata kidogo. Inataka kukanyagwa tu. Kwa hiyo mguu wangu mbovu ulikuwa unafaa breki na mzima unafaa gia, na hesabu ikaishia hapo. Wale wenzangu wanaosema nimeiharibu pikipiki kwa kuitoa kwenye asili yake nimewazoea. Vipande vya asili vyote viko ndani ya boksi, vimepakwa grisi, na hakuna tundu hata moja jipya kwenye fremu.

Breki niliifanya kwanza, na gia sikuigusa mpaka breki ilipokubali. Nieleze jinsi ilivyo, maana hapa ndipo watu hukosea.

Dramu ya nyuma na sproketi yake viko kushoto, na rodi ya breki inapita kushoto. Pedali mpya inakaa kulia. Katikati lazima iwepo shafti ya kuvuka, na sehemu yake ni nyuma ya giaboksi, karibu na ekseli ambayo uma unaoshika gurudumu la nyuma hubembea juu yake. Ukaribu huo una sababu. Uma unapanda na kushuka kwenye mashimo. Kama mwanzo wa rodi uko mbali na ekseli ya uma, kila shimo litaivuta au kuilegeza rodi, na utakuwa na breki inayojifunga yenyewe ukipakia abiria. Kisha kuna mnyororo. Uzi wake wa chini hauko mahali pamoja; unalegea ukiongeza mafuta, unakazika ukiachia. Shafti lazima iuepuke katika hali zote, siyo pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi tu. Mimi niliibonyeza springi za nyuma kwa mkanda wa kufungia mizigo hadi mwisho wake, nikauzungusha mnyororo kwa mkono, nikatazama kwa tochi.

Halafu uelekeo. Ukikanyaga pedali iliyoelekea mbele, sehemu ya juu ya shafti inazunguka kwenda mbele. Rodi ya breki inataka kuvutwa kwenda mbele. Kwa hiyo ule mkono wa upande wa kushoto, unaoshika rodi, lazima usimame kuelekea juu. Ukiuelekeza chini kwa sababu chini kuna nafasi nzuri, utaisukuma rodi nyuma, na rodi nyembamba ikisukumwa hupinda. Nimeletewa moja ya namna hiyo. Mwenyewe alilalamika kwamba breki "imekuwa laini". Rodi ilikuwa imejikunja kama upinde, na kwenye dramu kamu haikusogea hata unywele.

Unene wa shafti nao una mambo yake. Chuma kirefu kikizungushwa upande mmoja na kuzuiwa upande wa pili hujisokota, na ukakamavu wake unakwenda kwa kipenyo kikiwa kimezidishwa kwa chenyewe mara nne. Maana yake shafti ya milimita 14 ni kakamavu karibu mara nne kuliko ya milimita 10. Si mara moja na nusu kama jicho linavyokudanganya. Ya milimita 10 itabeba mzigo, haitakatika, ila sehemu kubwa ya mwendo wa pedali itaishia kuisokota. Mimi nilitumia bomba nene, ambalo ni jepesi na linakataa kusokotwa, likikaa ndani ya bushi za shaba zenye tundu la grisi. Na ule uwiano wa urefu wa pedali na urefu wa mkono unaovuta rodi, upime kwenye pedali ya zamani na uurudie. Aliyeifanya pedali fupi "ili ipendeze" amejipunguzia breki kwa tamaa ya urembo. Mwisho, breki ikiwa imekamata sawasawa, rodi na mkono wa kwenye dramu vinapaswa kukaribia pembe mraba. Bitana zikiisha na mkono ukapita hapo, nguvu inapungua hata ukikanyaga kwa miguu miwili. Kila pini ya kiungo iwe na kotapini, ile pini ndogo ya kupasuka inayoizuia isichomoke. Usiweke waya uliosokotwa, hata kama fundi atakuapia.

Pedali ya kulia inagombea nafasi na kiki na bomba la moshi. Ipige kiki mara nyingi ukiwa na kiatu unachoendeshea, maana kiatu cha kazi ni kirefu kuliko kandambili uliyovaa ukipima.

Gia ni nyepesi baada ya hapo. Shafti inayovuka moja kwa moja, ikiwa na pedali inayoelekea mbele kushoto kama ilivyokuwa kulia, haibadilishi mpangilio: chini inabaki chini. Ukiunganisha kwa rodi na mikono miwili, basi mikono ikielekea upande mmoja, yote juu au yote chini, mpangilio unabaki. Mmoja ukielekea juu na mwingine chini, unageuka. Kwenye Triumph hakuna haja ya kugeuza kwa sababu tayari namba moja iko chini kama pikipiki za leo. Kwenye Norton ya zamani au Bullet, kuupindua mkono mmoja kunakupa namba moja chini bila kufungua giaboksi, na ningeshauri afanye hivyo. Kuhamisha upande bila kugeuza mpangilio ni kumaliza nusu ya ugonjwa.

Adui wa gia ni kuchezacheza kwa viungo. Chukua mkono wa milimita 40 na pedali ya milimita 120: nusu milimita ya uwazi kwenye kiungo kimoja inakuwa milimita moja na nusu kwenye kidole cha mguu. Viungo vinne, milimita sita, na bado hujagusa gia. Mbaya zaidi, utaratibu wa Willis unategemea pedali irudi katikati kwa springi ndogo iliyo ndani. Ukiining'iniza springi hiyo vyuma vizito na viungo vikavu, pedali itarudi nusu, na gia inayofuata haitaingia. Watu wakikosa gia namna hiyo huilaumu klachi, wanaifungua klachi, wanakuta haina kitu. Kwa hiyo vyepesi, vilainishwe, na rodi ikae pembe mraba na mikono yake pedali ikiwa katikati ili kupanda na kushuka kulingane.

Msomaji wetu aliuliza kama anaweza kununua sehemu za Triumph ya gia ya kushoto akazifunga kwenye ya gia ya kulia. Hapana. Kwenye zile za baadaye shafti inapita ndani na kutokea kwenye kava ya klachi. Angelazimika kubadili makasha ya injini yenyewe, na hapo ni heri anunue pikipiki nyingine.

Kuna kuchomelea pia, ambako kwenye barua yake kumetajwa kana kwamba ni gundi. Shafti ya gia inayotoka kwenye giaboksi ina meno na imetiwa ugumu. Ukiichomelea mkono, moto unaufuta ugumu huo mahali fulani na kuacha wepesi wa kuvunjika mahali pengine, na sili ya mafuta iliyo nyuma yake inaungua. Mkono ukerezwe wenye meno yake, upasuliwe, ubanwe kwa bolti. Shafti ya kuvuka ya breki, ambayo ni chuma cha kawaida, inaweza kuchomelewa, lakini achomelee mtu anayejua, na kabla ya kuifunga iwekwe kwenye jiliwa isokotwe kwa nguvu zaidi ya zile mguu utakazoipa.

Swichi ya taa ya breki isisahaulike. Ilikuwa kushoto, inavutwa na pedali ya zamani. Wengi huhamisha kila kitu na kuiacha ikining'inia, na aliye nyuma yao hana habari kwamba wanasimama.

Mhariri, nimeambatisha mchoro wa shafti ya breki kwa penseli, wenye vipimo vya Triumph yangu. Mkiona unafaa, uchapeni, na nakala mpelekeeni mwenye barua ile. Ila nina ombi moja. Picha mliyoichapa pamoja na barua yake iligeuzwa kushoto kulia. Maandishi ya kwenye tangi yanasomeka kinyumenyume, na kiki, ambayo kwenye Triumph hizi iko kulia, imesimama kushoto. Kwa picha ya kupamba ukurasa haina madhara makubwa. Mchoro wangu msiugeuze, maana kuna mtu atachukua drili na kuufuata.

Wako,
Mkereza mstaafu